Ufunguo wa Mlango Hautoshi: Maandalizi ya Kuhamia Katika Jengo la Ghorofa

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kutambua ni nani mwenye mamlaka juu ya kila sehemu ya jengo analohamia, kupima kama vyombo vyake vitapita, kupanga saa za kutumia lifti, na kuweka kumbukumbu zitakazomlinda endapo patazuka madai. Tumelikusudia kwa wapangaji na wanunuzi wa fleti katika majengo marefu ya Dar es Salaam, ingawa mengi tunayoyaeleza yanafaa pia katika miji mingine ya nchi yetu.

Nani mwenye njia?

Mtu anayehamia nyumba ya chini yenye ua wake hupatana na watu wawili tu: mwenye nyumba na mwenye gari. Gari likifika, mlango hufunguliwa na mizigo huingizwa. Kazi ikichelewa hadi usiku, anayeudhika ni yeye mwenyewe na jamaa zake.

Katika jengo la ghorofa mambo ni tofauti. Kati ya gari na sebule yako pana lango, mlinzi, maegesho, ukumbi wa chini, lifti na korido. Yote hayo hutumiwa na watu wote wa jengo, na hakuna hata moja lililo mali ya mwenye fleti peke yake. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inatenganisha mambo mawili: sehemu ambayo mtu huimiliki kwa hati yake mwenyewe, na mali ya pamoja ambayo wamiliki wote wana hisa ndani yake. Lifti, ngazi, korido na paa kwa kawaida huwa katika fungu hilo la pili, na husimamiwa na chama cha wamiliki au msimamizi aliyewekwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwenye fleti anapokukabidhi ufunguo, amekuruhusu kuingia katika kile kilicho chake. Hajakupa, wala hana uwezo wa kukupa peke yake, ruhusa ya kuishikilia lifti kwa nusu siku au kuegesha lori mbele ya lango. Ruhusa hiyo hutoka kwa usimamizi wa jengo. Hata katika jengo ambalo lote ni la mmiliki mmoja, bado mna njia moja na majirani wengi, na kanuni za jengo zinawahusu wote. Kwa hiyo anayehamia ghorofani huingia katika mapatano mawili, la kwanza na mwenye fleti, la pili na jengo. Somo hili linahusu zaidi lile la pili, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa.

Kabla ya kulipa kodi

Dar es Salaam ni jambo la kawaida mpangaji kutakiwa kodi ya miezi 6, na pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Aliyekwisha kulipa fedha nyingi kiasi hicho hana nguvu tena ya kujadiliana. Maswali yafuatayo yaulizwe, na majibu yake yaandikwe, kabla fedha haijatoka mkononi.

Kwanza, omba kusoma kanuni za jengo. Angalia zinasemaje kuhusu siku na saa za kuhamisha vyombo, wageni, maegesho, wanyama, kelele, majiko ya mkaa na kuanika nguo barazani. Ukiambiwa kwamba kanuni zipo lakini hazijaandikwa, muombe msimamizi akuandikie kwa ujumbe wa simu zile zinazohusu kuhamia. Ujumbe wenye tarehe ni bora kuliko ahadi ya mdomo.

Pili, uliza ada ya huduma. Ada hii hulipia ulinzi, usafi, taa za korido, matengenezo ya lifti na mafuta ya jenereta. Je, imo ndani ya kodi, au ni nyongeza? Hulipwa kila mwezi au kwa mwaka? Je, mwenye fleti anadaiwa malimbikizo? Yako majengo ambayo usimamizi hukataa kumhudumia mkazi mpya mpaka deni la zamani lilipwe, na mpangaji ndiye anayeachwa langoni na mizigo yake.

Tatu, uliza umeme ukikatika nini kinaendelea kufanya kazi. Yapo majengo ambayo jenereta huwasha lifti, pampu ya maji na taa zote. Mengine huwasha taa za korido tu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu atakayeishi ghorofa ya 9 na mama mzee au mtoto mchanga. Kumbuka pia kwamba maji hupandishwa kwa pampu hadi tangi la juu. Pampu isipopata umeme, maji hudumu kadiri ya ukubwa wa tangi.

Nne, kagua mita ya LUKU. Hakikisha unajua namba ya mita inayohudumia fleti yako wala si ya jirani, kisha nunua umeme wa fedha kidogo kwa majaribio. Soma risiti uone kama kuna makato ya deni. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Patana mapema na mwenye fleti ni nani atakayeubeba mzigo huo, na muandike katika mkataba.

Pima kabla ya kupakia

Kinachozuia chombo kuingia katika lifti mara nyingi ni ukubwa wake, si uzito. Lifti ya aina inayopatikana sana katika majengo ya makazi huwa na kibao kinachosema kilo 630, watu 8. Kwa kawaida chumba cha lifti ya namna hiyo kina upana wa sentimita 110 na kina cha sentimita 140, na mlango wake una upana wa sentimita 80 hivi.

Tuchukue godoro. Godoro la futi 5 kwa 6 lina sentimita 152 kwa 183. Likisimamishwa na kuwekwa kimshazari, kutoka pembe moja ya lifti hadi pembe ya pili, huenea. Godoro la futi 6 kwa 6 lina sentimita 183 kila upande, ilhali mshazari wa sakafu ya lifti hiyo haufiki sentimita 180. Godoro la sponji huenda likapindwa kidogo likaingia. La springi halipindiki. Mwenye godoro hilo hana budi kupanga ngazi tangu mwanzo, na kupatana bei ya ngazi na wabeba mizigo kabla hawajafika.

Kwa hiyo chukua futi ya kupimia uende nayo unapoikagua fleti. Pima mlango wa lifti, upana na kina cha lifti, kona za korido, mlango wa fleti na milango ya vyumba. Kisha rudi nyumbani upime kochi refu, kabati, jokofu, meza ya chakula na ubao wa kichwani mwa kitanda. Chombo kisichopita kitafutiwe fundi wa kukifungua na kukiunga upya, au kiuzwe kabla ya kuhama. Kochi lililokwama kwenye kona ya ghorofa ya 6 halina mnunuzi.

Uzito nao usipuuzwe pale unapopandisha vifaa vya ukarabati. Mifuko 12 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 600. Mtu mmoja akiingia pamoja nayo, lifti ya kilo 630 imekwisha kuzidiwa. Majengo mengi hutaka kupewa taarifa kabla ya ukarabati wowote, nayo yana haki ya kufanya hivyo.

Hesabu ya lifti

Hebu tutumie mfano tuliouunda kwa ajili ya somo. Familia ya watu watano inahamia ghorofa ya 9. Vyombo vyao, baada ya kufungwa katika maboksi na mifuko, vinahitaji safari 40 za lifti. Kupakia, kupanda, kushusha na kurudi huchukua dakika 6 iwapo lifti imetengwa kwa ajili yao. Safari 40 ni dakika 240, yaani saa 4 kamili. Jengo limewaruhusu kuhamia kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kwa hesabu hiyo wanamaliza kengele ikilia, bila dakika moja ya akiba.

Sasa tuseme lifti haikutengwa, na kila safari wanawasubiri majirani. Dakika 6 zinakuwa 10. Safari zilezile 40 zinakuwa dakika 400, ambazo ni saa 6 na dakika 40. Saa 7 mchana mlinzi anafunga mlango, na zaidi ya theluthi moja ya vyombo bado ipo garini. Mwenye gari anadai fedha ya kusubiri, wabeba mizigo wanadai nyongeza, na wingu la mvua linakusanyika.

Mfano huu unatufundisha mambo matatu. Omba kutengewa lifti, na uombe mapema. Juma moja ni muda wa haki kwa pande zote. Punguza safari kwa kufunga vitu vidogo katika maboksi imara yanayopangika, badala ya kubeba sufuria moja moja. Na kama saa ulizopewa hazitoshi, gawa kazi katika siku mbili: siku ya kwanza maboksi na vitu visivyohitajika haraka, siku ya pili vitanda, jokofu na jiko.

Katika kuchagua siku, epuka mwisho wa mwezi iwapo unaweza, kwa kuwa ndipo wengi wanapohama. Epuka pia miezi ya masika, Machi hadi Mei. Ukilazimika, gari liwe na turubai. Kwa majengo ya Kariakoo na mitaa inayoizunguka, muulize mlinzi ni saa ngapi gari huweza kufika mlangoni, kwani mitaa ile hujaa biashara mchana kutwa.

Mapatano na mwenye gari na wabeba mizigo

Bei ya kuhamisha vyombo ghorofani huvunjika kwa sababu ya neno moja lililosahauliwa: ghorofa. Mwenye kenta hutaja bei ya njia, naye mteja hudhani bei hiyo inafika mpaka sebuleni. Patana kwa maneno yaliyo wazi: gari litatoka wapi na kufika wapi, vyombo vitapandishwa ghorofa ya ngapi, kwa lifti au kwa ngazi, wabeba mizigo ni wangapi, wanalipwa na nani, na kusubiri kunatozwa kiasi gani kwa saa. Uliza pia: lifti ikiharibika katikati ya kazi, bei itakuwa ipi? Aliyeuliza swali hilo mapema hatabishana nalo akiwa amesimama juani.

Andika vitu vyote vinavyopakiwa. Orodha ya mkono inatosha: maboksi 22, godoro 2, kochi 3, jokofu 1. Kila boksi lipewe namba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna siku ambayo mali ya mtu hupita katika mikono mingi ya wageni kama siku ya kuhama. Fedha, hati, vyeti, dawa na simu visipande gari la mizigo. Vibebwe na mtu wa nyumbani.

Siku yenyewe

Kabla ya boksi la kwanza kuingia, mwombe msimamizi au mlinzi mtembee pamoja kutoka langoni hadi mlangoni pako. Piga picha za lifti: kuta, kioo, sakafu, vitufe na mlango. Piga picha za kona za korido. Kila mkwaruzo uliokuwapo uonekane. Kazi ikiisha, rudieni matembezi hayo na upige picha nyingine.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ya amana. Baadhi ya majengo hutaka mkazi aweke fedha ya dhamana kabla ya kuhamia, irudishwe ikiwa hapakuharibika kitu. Ni utaratibu wa haki ukiandikwa. Lakini mtu asiye na picha za asubuhi hawezi kuthibitisha jioni kwamba kioo kilikuwa kimepasuka tangu juma lililopita. Daima dai risiti inayotaja mambo manne: kiasi, sababu ya fedha hiyo, siku itakayorudishwa, na jina la aliyeipokea.

Funika kuta za lifti kwa blanketi au maboksi yaliyofunguliwa, na ufunge miguu ya meza kwa vitambaa. Usizuie mlango wa lifti kwa kigogo, kiti wala mguu. Mlango ukilazimishwa huharibika, na matengenezo yake si ya fedha kidogo. Msimamizi ndiye mwenye ufunguo wa kuishikilia lifti ipasavyo.

Jokofu libebwe likiwa wima. Kama lililazwa, liache limesimama kwa saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, utenganishwe na jiko, usimamishwe wima, na usipandishwe katika lifti iliyojaa watu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama chini, na lifti ni chumba kidogo kisicho na dirisha. Uliza kwanza kama jengo linaruhusu mitungi, na kama lina mahali maalumu pa kuiweka.

Watoto wasiachwe barazani wakati wakubwa wanahangaika na vyombo. Siku ya kuhama ni siku ya hatari kuliko nyingine kwa mtoto wa ghorofani, kwa kuwa kila mtu anadhani mwenzake anamwangalia. Mteue mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni watoto. Boksi, kiti au kreti lisiwekwe karibu na ukingo wa baraza wala chini ya dirisha. Kwa mtoto hilo ni ngazi.

Jioni ya kwanza

Kabla ya kupanga vikombe kabatini, fanya mambo matatu. Tembea na watu wote wa nyumbani kwa ngazi hadi chini, ili kila mmoja ajue njia ya kutokea pasipo lifti. Moto ukitokea lifti haitumiki. Onyesheni mahali pa kizimamoto kilicho karibu, na mhifadhi katika simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Pili, fungua kila bomba, washa kila taa, jaribu kila kitasa, na umtumie mwenye fleti orodha ya kasoro pamoja na picha ndani ya siku hizo za kwanza. Kasoro isiyosemwa mwanzoni huhesabiwa kuwa yako mwishoni. Tatu, wagongee hodi majirani wa korido yako, uwatake radhi kwa usumbufu wa mchana. Hawa ndio watakaosikia mtoto wako akilia ukiwa umekwama kwenye foleni.

Katika siku zinazofuata, nenda ujitambulishe katika ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mkazi wa ghorofa ya 9 ni mwananchi wa mtaa ule kama mkazi wa nyumba ya chini, na barua za utambulisho atazihitaji.

Pakitokea mgogoro

Anza kwa maandishi kwa msimamizi wa jengo, ukiambatisha picha na risiti. Ikiwa suala ni la mkataba wa pango, mwandikie mwenye fleti. Pasipopatikana suluhu, Serikali ya Mtaa huweza kuwakalisha, na juu yake vipo vyombo vya kisheria vya migogoro ya ardhi na nyumba. Malalamiko ya umeme na maji, baada ya kufikishwa kwa mtoa huduma bila mafanikio, hupelekwa EWURA. Na mtoa huduma aliyekupotosha kuhusu bei au huduma yake anapaswa kujua kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Katika kila hatua utaulizwa swali lilelile: una ushahidi gani? Jibu lake unaliandaa kabla ya kuhama, kwa kalamu na simu yako.

Maswali ya kujipima

1. Taja sehemu tatu za jengo unalokusudia kuhamia ambazo mwenye fleti hawezi kukuruhusu kuzitumia peke yake. Ni nani wa kumwomba?

2. Pima chombo chako kikubwa kuliko vyote. Je, kitaingia katika mlango wenye upana wa sentimita 80 na lifti yenye kina cha sentimita 140? Kama hakitaingia, utafanya nini, na kwa gharama ya nani?

3. Kadiria safari zako za lifti, uzizidishe kwa dakika 6, kisha kwa dakika 10. Je, saa ulizopewa zinatosha katika hesabu zote mbili?

4. Msimamizi anakudai fedha ya mkwaruzo wa lifti siku mbili baada ya wewe kuhamia. Utamwonyesha nini?

Msomaji ayajibu maswali haya pamoja na watu wa nyumbani kwake, na majibu yaandikwe. Atakayekosa jibu la swali lolote kati ya hayo asilipe kodi kwanza. Arudi kwenye jengo akaulize.